Tumbo Ambalo Hakuna Aliyelitaja

...ao ni giza tu la choo, maana mulango wa bati unaacha mwanga kidogo sana, nachungulia tena, hapana, ni damu, kidogo lakini ni damu, Ya Rabi, imerudi, na nje mama mukwe anauliza, Zabibu, uko muzima humo, naitika, niko, Mama, nakuja, lakini nitakujaje, tangu niache vidonge miguu hii si yangu, nikisimama dunia inazunguka, na munganga wa hospitali alinionya, aliniangalia usoni akasema, Citoyenne Zabibu, dawa ya utumbo wako haiachwi mara moja, tunaipunguza pole pole, ukiikata gafula utaanguka, na vidonda vya ndani vitafunguka, nikasema ndiyo, Docta, kisha nikaja kuikata kwa sababu ya mashavu. Mashavu tu, mjinga mimi. Yalivimba kwa ile dawa mpaka macho yakawa madogo, tumbo likatokea mbele, usingizi ukanikimbia, njaa ikawa ya kukomba chungu, na wanawake wa mutaa wakaanza kunipisha kwenye bomba, Mama Florentine, jirani, akanitua ndoo kichwani bila neno, mama mukwe akanikataza kutwanga, akawa ananiwekea samaki, mikebuka ile minono, na hakusema kitu, hapa kwetu tumbo changa halitajwi, ukilitaja unaliitia macho mabaya, sasa mimi nikatae nini, muntu anakataaje neno ambalo hakuna aliyelisema... Aliniambia tu, hizo dawa kali weka kando, mwanangu, sasa hauko peke yako. Mwanangu. Yeye njo yule aliyemwambia mume wangu Ramazani atafute muke mwingine kule Moba, nilisikia kwa masikio yangu, kwa hiyo nikanyamaza, nikafunga vidonge katika pindo la kikwembe, na Ramazani, masikini, siku hizi anapiga mluzi akivaa viatu vya kwenda kupakua boti... nilifurahi, wallahi, nilifurahi, kuna asubuhi nilijishika tumbo nikalibembeleza, na nilikuwa katika siku zangu. Subiri. Linakata, linakata, shika ukuta... limepita. Huko nje Mama Florentine naye amekuja, wananong'ona, nasikia, usimuharakishe, hali yake unaijua, na mama mukwe anacheka kidogo, cheko la raha, hali gani, mama zangu, hali gani munayoijua nyinyi. Nikianguka humu watavunja mulango. Watakuta damu. Na watasema nini, watasema limetoka, basi, watanibeba mpaka kwa mukunga, atanisinga tumbo hili lenye vidonda, atanichemshia majani, watamlilia mutoto, na hakuna hata mumoja atakayekumbuka hospitali, nitakufa na mimba ambayo sikuwa nayo, na Ramazani atazika watu wawili kichwani mwake mpaka azeeke. Naogopa. Naogopa kufa, lakini mbona naogopa zaidi uso wa yule mama nikimwambia, Mama, hakuna kitu, ni dawa ilininenepesha, atakaa chini, atafunika kichwa na kitambaa, halafu Moba, muke mwingine, basi na aje, atanikuta napumua. Fungua pindo, vidole, fungueni, fundo limekaza, nitumie meno, hiki hapa kimoja, kimelowa jasho, hiki hakitatosha, ni lazima nirudi kwa munganga leo hii, anitukane nimsikilize, na maji hakuna, basi nakitia mudomoni hivi hivi, kichungu, kinashika kooni, nenda, nenda chini... Zabibu, anaita, mbona kimya, nakusanya mate, nasema, niko, Mama, na nitamwambia hapo hapo mulangoni, mbele ya jirani, kabla hajanishika mukono, maana akinishika sitaweza.