Shamba Lililofagiwa Mno

“Wifi, umeona wapi watu wazima wanagombania takataka?”

“Si takataka. Na ushuke kwenye hilo tela.”

Wifi yake Mama Pacha hakushuka. Alisimama juu ya lundo la matawi mabichi, mikono kiunoni. Dereva wa kiwanda cha umeme alijifanya anafuta kioo cha trekta.

Mama Pacha hakuweza kutulia. Alikwenda hadi kwenye visiki, akarudi, akaenda tena. Shamba hili la miti ya kuni lililisha nyumba yao yote. Wakikata, visiki vinachipua, baada ya miaka michache wanakata tena, na magogo yanakwenda kwenye tanuri la kiwanda. Zamani machipukizi yalikuja kwa fujo. Safari hii, upande uliotangulia kukatwa ulikuwa umetoa vijiti vya manjano, vyembamba kama njiti.

“Tumelifagia mno,” alisema. “Kila tukikata, tunakusanya majani mpaka la mwisho tunakwenda kuyachoma barabarani, eti shamba lipendeze. Hii ni sebule?”

“Mama alitufundisha usafi. Kosa?”

“Kosa. Chakula cha udongo kimejaa kwenye majani na vitawi kuliko kwenye gogo. Tunakibeba chote, halafu tunavishangaa visiki.”

“Haya, stashahada yako ya kilimo imeamka!” Wifi alicheka peke yake. “Basi si afadhali kiwanda kiyachukue kuliko sisi kuyachoma?”

“Yakichomwa kule au hapa, udongo unapata nini?”

“Nimeshawaahidi, wifi. Unataka nionekane mswahili wa maneno?”

Dereva akaacha kioo. “Mama, mimi msiniingize. Ila nikirudi tela tupu, wale mabwana hawanitumi tena huku. Hata magogo yenu yatalala hapa.”

“Umesikia?” wifi akadakia. “Unataka tule majani?”

Hilo lilimchoma Mama Pacha. Bila trekta la kiwanda, magogo angeyapeleka kwa nani? Akainama kwenye kisiki cha karibu, akashika chipukizi moja. Likamvunjikia mkononi kabla hajalivuta. Akalitazama, akalitupa, akajifuta vidole kwenye kanga.

“Dereva, magogo yako pale kwenye ukingo. Ukiyataka, utapakia hayo. Hutaki, nitatafuta mnunuzi mwingine.”

“Na haya?”

Mama Pacha alizunguka nyuma ya tela, akachomoa komeo la kwanza la ubao wa nyuma.

“Wewe! Mimi nipo juu!”

“Ndiyo nakwambia shuka, nisije nikakumwaga nawe.”

Wifi akaruka, ndala moja ikabaki juu, akitukana kwa pumzi fupi. Komeo la pili likatoka. Ubao ukaanguka na matawi yakaporomoka hadi magotini mwa Mama Pacha. Alikumbatia mzigo wa kwanza, majani yakimchoma usoni, akaenda kuutandaza kati ya visiki, akarudi mbio kuchukua mwingine.