Viatu vya Kulalia

Siku ile mjinga alikuwa Mjomba, na tusimtafutie mwenzake wa kumsaidia kuubeba ujinga huo. Mpwa wake wa miaka mitano, aliyehamia kwake baada ya nyumba yao kuungua na mama mtu kulazwa, alikuwa halali bila viatu. Mjomba, fundi rangi asiyeishiwa utani, akambandika jina la Afande. Hata chekechea, wenzake wakivua walale mchana, Afande alikataa katakata. Mlezi alipomlazimisha, akaambulia kung'atwa mkono. Mwalimu mkuu akampigia Mjomba simu: mtoto avue, au abaki nyumbani.

"Niachie mimi, Mwalimu," Mjomba akajigamba.

Jumamosi mchana akamvizia mtoto amelala kwenye kochi, akamvua taratibu, akaviweka viatu juu ya kabati, kisha akamwita mkewe aje aone sinema ya bure.

Mtoto aliamka, akapapasa miguu yake, akakauka. Hakulia. Alikaza macho mlangoni, na kochi likalowa chini yake.

Mjomba alikuwa anacheka peke yake, mpaka kicheko kikamkwama. Mkewe ameshapanda kigoda anavishusha viatu. Akamuuliza, bila hata kumtazama, kama amesahau kwamba huyu alitolewa motoni pekupeku, nyayo zimebabuka. Na kama hajawahi kujiuliza kwa nini kila siku analala ameelekea mlangoni. Mjomba alikuwa amedhani ni kiburi tu. Akapiga magoti, akamvisha mpwa wake mwenyewe, vidole vyenye rangi vikihangaika na kamba.

Jumatatu akampeleka chekechea na viatu vyake miguuni. Mwalimu mkuu akawasimamisha mlangoni, akamkumbusha ahadi. Mjomba akakiri alijigamba bure, akaeleza yote, moto na kochi. Mwalimu akampa pole, ila akasema mashuka yatachafuka. Mjomba akasema atayafua yeye. Mwalimu akasema watoto huzoea wakibanwa kidogo. Mjomba akasema huyu ameshabanwa vya kutosha, habanwi tena, na kama ni kumrudisha mtoto nyumbani, yeye hapo mlangoni haondoki. Afande akamshika suruali kwa nguvu.

"Nikimruhusu huyu," Mwalimu akasema, "kesho wote watataka kulala na viatu."

"Basi na hao uwaulize nini kiliwapata," Mjomba akamjibu. "Cha huyu nimeshakwambia."