Mita Ikilia Kila Mahali

Mji wa Kasongo una mafundi wa redio wengi kuliko redio zenyewe, na kati yao mwanamke alikuwa mmoja tu, Chimène. Sokoni walimwita Mama Vioo, maana walimwamini kwa kubadilisha vioo vya simu, basi. Jina hilo lilimkera mno, na miaka minne alilimeza ili asigombane na wateja.

Alhamisi moja asubuhi Moustapha, mwadhini wa msikiti ulio karibu na soko, alimletea amplifaya ya msikiti ndani ya gunia. Alikuwa ametoka nayo kwa fundi Gaston, mwenye meza ya tatu kutoka hapo, ambaye alikuwa ameshaifungua na kukata shauri.

"Gaston anasema imekufa yote," Moustapha alisema. "Ati tutafute ingine Bukavu. Na kesho ni Ijumaa, binti yangu, na sauti yangu haifiki tena hata mutoni."

Gaston, ambaye hakuna neno linalompita pale sokoni, alimfuata nyuma. Tuseme ukweli, mtu huyu anajua kazi, ila subira hana hata chembe. Aliweka mita ya kupimia umeme kwenye kondensa moja, kidude cha kuhifadhi umeme, ikalia, alama ya kidude kilichoungana ndani. Akaweka kwenye nyingine, ikalia.

"Umeona? Zote zinalia. Hata ukibadilisha kumi, ya kumi na moja italia. Mama Vioo, usimupotezee muzee siku yake."

Hapo Chimène alipandwa na hasira, lakini ile hasira nzuri inayotuliza mikono.

"Fundi Gaston, kwenye matanga wanalia watu ngapi?"

"Wote."

"Na maiti iko ngapi?"

Chimène akamgeukia Moustapha, akamweleza kwamba vidude vyote vile vinakunywa umeme kwenye njia moja, kwa hiyo kimoja kikiungana ndani kwa ndani, mita italia popote utakapoigusa. Kilichobaki ni kumtafuta marehemu mwenyewe.

Alichukua jiwe moja la tochi, betri ndogo ya volti moja na nusu, nguvu isiyoweza kuumiza kidude kizima, akaliunga kwa nyaya mbili kwenye njia ile. Umeme wote ungekimbilia penye ubovu, na hapo pangepata moto. Siku nyingine angepaka lotoko, ile pombe kali ya mihogo, juu ya kadi, ubao ulioshika vidude vyote, aangalie inakauka wapi kwanza. Mkono ulikuwa umeshashika chupa chini ya meza. Akakumbuka kadi hii inarudi nyumba gani, akaiacha chupa, akachukua kipande cha mshumaa na kukuna unga wake juu ya vidude vyote. Moustapha aliona. Akasogeza kiti chake karibu zaidi.

Wakangoja. Kondensa zilizokuwa zikilia zilibaki nyeupe kwa unga. Unga uliyeyuka mahali pamoja tu, juu ya regilateri, kidude cheusi cha miguu mitatu kinachoshusha umeme mpaka volti tano. Gaston hakuwa hata amekigusa, maana kwa nje kilikuwa safi, hakina alama ya kuungua.

"Maiti ndiyo hii," Chimène alisema.

Akakichomoa kwa chuma cha moto, akarudisha mita kwenye kondensa. Kimya. Kwenye nyingine, kimya. Gaston aliomba mita, akajaribu mwenyewe mara tatu, na watu walikuwa wameshaanza kusimama kutazama. Ndani ya dekoda mbovu Chimène alipata regilateri yenye namba ileile, akailehemu, akaunga betri na spika.

Taa ikawaka. Moustapha alitoa ndani ya gunia mikro yake ya kusemea, akaichomeka. Mwingine angesema moja, mbili. Yeye alikohoa kidogo, na sauti ambayo kila nyumba ya mtaa ule inaijua ikatoka:

"Watu wa soko, ni mimi Moustapha. Amplifaya imepona. Fundi ni mwanamuke, anaitwa Chimène, binti ya Octave wa Wamaza. Mukiwa na kazi ngumu, mulete kwake."

Soko zima liligeuka. Octave alikuwa mkulima, na alikufa bila jina lake kuwahi kutajwa mbele ya watu kumi. Chimène aliinama, akajifanya anatafuta bisibisi, kwa sababu machozi yalikuwa yanashuka na hakutaka waone. Kisha akajiuliza aibu ni ya nini, akainua uso, akawaacha waangalie.