Chupa ya Ukutani

Kikombe cha titi la kulia kilikuwa cha Ngendo. Cha titi la kushoto kilikuwa cha Wamuyu. Murugi aliwagawia hivyo tangu siku ya kwanza, pacha wake walipozaliwa kabla ya miezi yao na kuwekwa kwenye masanduku ya kioo yenye joto, ili asije mmoja akapunjwa. Sasa Ngendo alikuwa amezikwa Endarasha, nyuma ya ghala la viazi, na titi la kulia halikuwa limepata habari. Lilijaa tu. Lilijaa mpaka likawa gumu, likalowesha leso na sweta.

Alikuwa ameketi nyuma ya pazia katika chumba cha kukamulia maziwa. Alikamua, akainuka, akamwaga kwenye sinki. Sista Gacheri, mkuu wa wodi, alikuwa amemwambia mapema kwamba friji ni ya maziwa ya watoto walio hai.

Hakwenda mazishini. Angeondoka, Wamuyu angekosa maziwa. Mumewe Waweru ndiye aliyekuja kumchukua mtoto, pamoja na mama yake, Ngendo mkubwa, mwenye jina. Maana kwao binti wa kwanza huitwa kwa jina la mama ya baba, na wa pili kwa jina la mama ya mama. Hivyo siku ile ilikuwa Ngendo akimbeba Ngendo ndani ya shuka.

"Ni nini imemuua?" mama mkwe aliuliza.

"Wadudu kwa damu," Sista Gacheri akajibu. "Huwa wanatoka kwa mikono. Sisi tunavaa glavu."

Mama mkwe aligeuka. Aliiangalia mikono ya Murugi. Ilikuwa imepasuka kila kiungo kwa baridi ya Kieni na udongo wa viazi, waru kama wanavyoviita kwao, na nyufa nyingine zilikuwa nyeusi hata baada ya kuoshwa.

"Nilipewa mtu wa jina langu," alisema, "ukamshika na mikono ya waru. Huyo wa mama yako mbona ako hai?"

"Mama, nilikuwa najipaka dawa. Kila mara, hapo mlangoni."

"Akitoka hapa atakuja kwangu. Wewe utarudi kwa mama yako. Mpaka mtu wa kusoma aniambie na mdomo wake kwamba si wewe."

Waweru aliangalia viatu vyake.

Ni kweli alijipaka. Mlangoni pa wodi ilining'inia chupa ya sanitaiza yenye harufu ya ndimu, na hakuna mama aliyeruhusiwa kuingiza mkono kwenye sanduku la kioo kabla ya kuibonyeza. Murugi aliibonyeza na kusugua hadi kwenye kucha, kama picha iliyobandikwa juu yake ilivyoonyesha. Sista Gacheri yeye alitumia kichupa chake mwenyewe, alichokibana kwenye mfuko wa gauni. Murugi aliona hilo akalinyamazia. Aliona pia pikapu ya mke wa Bwana Muriithi, msimamizi wa hospitali, ikija kutoka mjini Kenol na kushusha mitungi isiyo na maandishi. Mtu anayekaa dirishani siku nzima akisubiri saa ya kukamua huona mambo mengi.

Wazazi wa mtoto mwingine aliyekufa wiki ile walikuwa na jamaa redioni. Habari ya vifo hivyo ilisomwa asubuhi, na hospitali ikaita mtu wa kupima dawa ya mikono.

Alikuwa kijana wa maabara, jina lake Peterson. Mashine yake waliiweka kwenye meza ya chumba cha maziwa, kwa kuwa soketi za ofisini zilikuwa zimeungua. Kina mama waliambiwa watoke. Murugi alikuwa nyuma ya pazia, kikombe mkononi, na hakuna aliyemkumbuka.

"Woi, kumbe kuna mtu," Peterson alisema alipoona miguu chini ya pazia. "Pole mama."

"Niko nakamua."

"Endelea tu. Siangalii."

Alikamua huku akichungulia. Mashine ilikuwa kisanduku cheupe, kikubwa kama redio ya zamani, na juu yake palikuwa na kioo kidogo kama punje ya dengu. Peterson alidondosha tone hapo kutoka kwenye vichupa vyake vya spiriti ya kulinganishia, vilivyoandikwa nambari, akabonyeza, na kwenye kompyuta ukajichora mstari unaopanda na kushuka kama barabara ya Kenol kwenda Murang'a. Kila baada ya tone alipangusa kile kioo kwa kitambaa na kitu alichokitoa kwenye chupa ndogo ya plastiki. Kisha alitoka, akarudi na chupa ya ukutani.

"Hiyo inaweza kujua?" Murugi aliuliza.

"Kujua nini?"

"Kama ni nzuri."

Peterson aligeuka. Pengine hakuzoea kuulizwa. "Hapa chini kunapita mwanga, lakini si wa kuona na macho. Ni kama joto ya jiko, unaisikia kwa uso na hujaona moto. Sasa, kila kitu inakula huo mwanga mahali pake. Maji mahali pake, spiriti mahali pake. Penye imekula, mstari unaanguka. Ukianguka sana pale pa spiriti, iko nyingi."

Alidondosha tone. Mstari ulichorwa, na upande mmoja ukazama bonde pana, la kutisha. Pale ambapo vichupa vyake vilikuwa vimechimba, palionekana mkwaruzo tu.

Alipangusa, akarudia. Alipangusa tena, akarudia tena, safari hii bila kupumua.

"Ni maji," alisema.

"Maji?"

"Maji na harufu ya ndimu. Spiriti ni ya kuonjesha. Inatakiwa sitini kwa mia kwenda juu. Hii haifiki hata kumi na tano."

Murugi alifungua pazia. Sweta lilikuwa limelowa upande wa kulia. Alinyoosha mikono yake miwili juu ya meza, viganja chini, kama mtoto anayekaguliwa kucha na mwalimu.

"Dawa ya kliniki yetu iliniuma mpaka nikaruka," alisema. "Hii ya hapa haijawahi. Nikasema labda mikono imezoea."

Peterson alizitazama zile nyufa. Alichukua ile chupa ndogo ya kupangusia. "Hii ndiyo yenyewe," alisema, na kumdondoshea.

Iliingia kwenye nyufa kama moto. Murugi alipiga kelele, akakunja mikono tumboni, kisha akacheka. Alicheka machozi yakitoka.

"Inauma!"

"Lazima iume."

"Basi haikuwa mimi."

Peterson alifunga kifuniko cha ile chupa ndogo.

"Mama mkwe wangu anakuja saa ya kuona wagonjwa," Murugi alisema. "Utamwambia? Na mdomo wako?"

"Nitasema yenye mashine imesema."

Aliporudi nyuma ya pazia, Murugi alikamua titi la kulia bila kulichukia.

Bwana Muriithi aliingia taratibu, akinukia mafuta ya nywele. Hakupaza sauti hata mara moja.

"Peterson, umekunywa chai?"

"Bado, mkubwa."

"Ndiyo maana. Mtu akipima na njaa anapima vibaya." Alikuwa anaangalia kompyuta. "Hii umetoa wapi?"

"Kwa ukuta. Mlango ya wodi."

"Nani alikutuma kwa ukuta? Sampuli hutoka stoo, ikiwa na sili. Ya ukutani kila mtu ameshika. Hata mimi naweza kupita nitemee mate."

"Lakini mkubwa, hiyo ndiyo wanatumia."

"Wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Hii kazi ya kupima, mnatufanyia sisi peke yetu, ama pia hospitali ya Sagana na ya Karatina?"

"Zote tatu."

"Na zote tatu ni za nani?"

Kitambaa kilisikika kikisugua kile kioo kidogo, kikisugua tena, ingawa tayari kilikuwa safi.

"Enda kantini," Bwana Muriithi alisema kwa upole. "Sema chapati mbili ziko juu yangu. Ukirudi utapata sampuli hapa mezani."

Saa ya kuona wagonjwa ilipofika, chumba cha maziwa kilijaa. Walikuwepo kina mama wa wodi, wazazi wa yule mtoto mwingine na jamaa yao wa redio akiwa na simu mkononi. Ngendo mkubwa alipewa kiti. Waweru alisimama nyuma yake. Mezani palikuwa na chupa mpya yenye sili ya buluu.

Bwana Muriithi alimpa yule mtu wa redio aivunje sili mwenyewe. Peterson alidondosha tone. Mstari ulichorwa, ukaanguka pale pa spiriti, ukaanguka haswa.

"Sema wasikie," Bwana Muriithi alisema.

"Sabini na mbili kwa mia."

"Inatakiwa ngapi?"

"Sitini kwenda juu."

"Na mashine hudanganya?"

"Hapana," Peterson alisema. "Mashine haidanganyi."

Mama mkwe aligeuza kichwa polepole. Hakumtafuta Murugi usoni. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye mikono.

Murugi aliinuka. Hakuwa amewahi kusema mbele ya watu, hata kanisani. "Hiyo si ya ukutani," alisema. "Huyu kijana alipima ya ukutani, mimi nikiwa hapa. Alisema ni maji. Peterson, si ulisema ni maji?"

Peterson alikuwa anakunja waya.

"Hebu ngoja," Bwana Muriithi alisema. "Tumsikize mama, amefiwa. Mama, ulijuaje ni maji?"

"Haiumi! Niko na nyufa, ona. Spiriti ya ukweli ikigusa hapa inachoma. Ya ukutani haijawahi kuniuma hata siku moja."

"Hata siku moja?"

"Hata moja. Uliza hawa wote. Kuna mtu imeuma?"

Kina mama walitazamana. Wengine walikuwa na mikono kama yake. Mmoja wao, aliyetoka Mweiga, alitikisa kichwa. "Haiumi," alisema kwa sauti ndogo.

Bwana Muriithi aliwageukia wageni. Alionekana kama mtu aliyehuzunika kweli.

"Mmesikia. Sisi tunanunua kitu kali, sabini na mbili, mmejionea. Hawa wanatoka kuchimba waru, mikono imepasuka, wanasikia inachoma. Wanafanya nini? Wanafungua chupa, wanaongeza maji, ndiyo isiwaume." Alimgeukia Murugi. "Sikulaumu, mama. Uchungu ni uchungu. Lakini sasa umejua."

"Mimi sijaongeza maji!"

"Peterson, ya ukutani ilikuwa na maji ama haikuwa?"

Kijana aliinua macho, akayashusha. "Ilikuwa na maji."

"Basi."

Mtu wa redio alizima simu yake. Mama wa yule mtoto mwingine, mwanamke wa mjini mwenye glavu za sufu, alimwendea Murugi karibu sana. Murugi alidhani anataka kumshika mkono.

"Wewe," yule mama alisema. "Ni wewe."

"Si mimi, dada yangu..."

"Usiniite dada."

Waweru alimshika mama yake kiwiko, lakini Ngendo mkubwa alikataa kuinuka. Alisema alikuja kumwona mtoto aliyebaki na hataondoka bila kumwona. Sista Gacheri akasema vizuri, lakini kuanzia leo hakuna kuingia kabla ya mafunzo. Aliwapanga kina mama mstari mmoja mlangoni pa wodi. Chupa ilikuwa imerudishwa ukutani. Mhudumu alikuwa ameijaza upya kutoka kwenye mtungi usio na maandishi, na bado ilikuwa ikitikisika.

"Murugi, njoo mbele. Wewe ndiye utawaonyesha."

Ndani, nyuma ya kioo, Wamuyu alikuwa analia kile kilio chake chembamba. Saa ya maziwa ilikuwa imepita. Murugi alishika kikombe cha titi la kushoto kikiwa kimejaa.

"Sitaki kutumia hiyo," alisema.

"Basi hutaingia. Weka kikombe chini. Shosho ako hapa, atamlisha."

Ngendo mkubwa, nyanya wa mtoto, alinyoosha mkono akipokee kikombe.

Murugi alikiweka sakafuni, karibu na mguu wake mwenyewe. Alibonyeza mara mbili. Alisugua kiganja kwa kiganja, kati ya vidole, mgongo wa mkono, kidole gumba. Harufu ya ndimu ilijaa mlangoni. Alisugua kwenye nyufa, akabonyeza tena, akasugua kwa kucha, kwa nguvu, mpaka ufa wa kidole cha shahada ukafunguka na damu ikachanganyika na yale maji yakawa mekundu kidogo.

"Inakuuma?" Sista Gacheri aliuliza, akijipaka dawa ya kichupa chake cha mfukoni.

Kina mama walimtazama. Mtoto alilia.

"Inauma," Murugi alisema.

"Mmeona?" Sista Gacheri aliwaambia wengine. "Huyu sasa amejifunza. Next."