Lenzi Ndefu na Siku ya Manjano

Asubuhi ya kumpaka bibi harusi Kesar manjano, Dhanraj mpiga picha alimwaga mkoba wake juu ya kitanda cha kamba akaanza kuchagua vifaa. Kamera alichukua mbili, maana harusi haimngoji mtu abadilishe lenzi: moja ibebe lenzi fupi, nyingine ibebe ndefu. Akachukua betri zilizojaa, na moja ambayo hakuwa na hakika nayo. Akachukua na kitambaa cha kufutia vioo, kwa sababu Kishangarh ni mji wa marumaru na vumbi lake jeupe huingia hata kwenye chai. Flashi aliiacha. Ua wa nyumba ile ulikuwa na jua la kutosha, na manjano yakimulikwa flashi humtoa bibi harusi kama mgonjwa wa ini.

Lenzi fupi haikuwa na makuu. Iliona kilichokuwapo, basi. Ukitaka uso wa mtu, unamfuata mwenyewe, unakanyaga vidole vya watu, unapigwa viwiko na kuulizwa kama kwenu hamkufundishwa adabu.

Ndefu ilikuwa nzito kama mtoto mchanga aliyelala, na bega la Dhanraj lililalamika kila msimu wa harusi. Nayo haikuwa na kazi ya kumkuza mtu aliye mbali. Ukiizungusha pete yake, mtu mwenyewe anakuja. Anakuja vile vile alivyo, awe amesimama au ameketi, akiteleza polepole juu ya sakafu mpaka anajaa kwenye kioo. Ukirudisha pete, anarudi alikotoka. Dhanraj aliinunua kwa bwana mmoja aliyekuwa akipiga picha za chui milia mbugani Ranthambore. Yule bwana aliiuza kwa bei ya kutupa, mkono mmoja ukiwa kwenye bandeji, na hakutaka mazungumzo marefu.

Mjini walishaizoea. Wazee walioketi mwisho wa hema waliiomba wenyewe: "Dhanraj, hebu tuvute huku kwenye chakula, magoti yamegoma." Akawavuta na viti vyao, wakala, akawapiga picha vinywa vikiwa vimejaa.

Uani kwa kina Kesar, wanawake wenye waume walikuwa wamejaa juu ya zulia, wakimpaka bibi harusi manjano mashavuni, mikononi na miguuni. Ngoma ilikuwa imewakolea. Waliimba zile nyimbo za kuwatukana wakwe, kwamba bwana harusi ana masikio ya punda na baba yake huiba samli ya jirani, na kila tusi lilipokelewa kwa vifijo. Dhanraj alipenya katikati yao na ile fupi, akapigwa viwiko vyake vya kawaida, akafurahi.

Mama yake Kesar hakuwa kwenye zulia. Sugna alikuwa nyuma kabisa, mlangoni mwa jikoni, ameketi juu ya kibao akikaanga vimkate vya puri. Mumewe Madan, aliyekuwa rafiki wa Dhanraj tangu utotoni, alikufa kwa kifua, na mjane hasogelei manjano ya bibi harusi, hata kama bibi harusi huyo amemzaa mwenyewe. Ni nuksi. Aliyelisimamia hilo ni dada wa marehemu, Shangazi Narbada, mwanamke mwenye sauti ya kutosha mtaa mzima. Na ni yeye pia aliyeamua, kwa mtaa huo mzima, ni mpiga picha gani aitwe na yupi asiitwe.

"Baba mdogo," Kesar akamwita Dhanraj alipoinama kumpiga picha ya miguu, "ile ndefu umekuja nayo?"

"Nimekuja nayo."

"Mpige mama."

Dhanraj akamtupia jicho Shangazi. "Ile ni ya watu wa mbali, mwanangu."

"Kwani kuna aliye mbali kuliko yeye? Tangu baba afe sina picha hata moja niliyo naye. Kesho naondoka."

Dhanraj aliuona msimu mzima wa harusi ukimpita na kwenda kwa mwingine. Kisha akainua kamera ya pili, akamtafuta Sugna kwenye kioo, na mkono wake ukazungusha pete mpaka mwisho.

Sugna akaja. Alikuja ameketi juu ya kibao chake, chujio la kukaangia mkononi, na kwa kuwa pete ilikuwa imezungushwa sana, alikuja na beseni la unga, mbuzi aliyefungwa karibu na mlango, na wajomba wawili waliokuwa wakicheza karata. Mjomba mmoja alitupa karata yake wakiwa bado njiani, akashinda. Wanawake waliinua miguu kumpisha, kama mtu anavyompisha anayefagia, huku wakiendelea kuimba. Kibao kikasimama ubavuni mwa Kesar.

"Huyu kaletwa na nani?" akauliza Shangazi Narbada.

"Na lenzi, Shangazi."

"Mrudishe."

"Mara moja tu, nipige kwanza. Ah! Kioo kina vumbi."

Akatoa kitambaa. Alifuta kioo kama anayeosha mtoto, akakipulizia, akakifuta tena. Sugna alikuwa ameinua mikono yote miwili juu asije akagusa kitu. Kesar akachukua bakuli la manjano, akaliweka mapajani mwa mama yake, na mikono ile ikakosa pa kwenda ikashuka humo humo.

"Umenenepa uso," Sugna akasema, akimpaka shavu.

"Si kunenepa, mama. Wamenipaka kama ukuta."

Wakacheka. Kesar akachovya kidole akampaka mama yake puani, na Sugna akapiga chafya, na mbuzi akala ua la shada la bibi harusi, na hapo ngoma ikapandishwa na nani sijui.

"Dhanraj!"

"Betri imekufa, Shangazi." Akaitoa betri nzima, akatia ile asiyokuwa na hakika nayo, nayo kumbe imekufa kweli. Akaanza kutafuta nyingine kwenye mfuko ambamo alijua haimo.

"Kifaa chako leo kina maradhi mengi."

"Ni hili vumbi la marumaru." Alikuwa akijizuia kucheka mpaka mbavu zinamuuma.

Mwisho akapiga. Akapiga tena, na tena, kidole kikikataa kuacha, hadi Shangazi Narbada alipopita katikati ya wanawake, akaishika lenzi, na kuirudisha pete kwa mkono wake mwenyewe. Sugna akarudi, na unga, na mbuzi, na wajomba. Puri aliyoiacha kwenye mafuta ilikuwa imefura vizuri; akaigeuza. Shangazi akaagiza apelekewe maji anawe pua kabla wageni hawajafika.

Baada ya mvua za msimu kuisha, Dhanraj alipeleka albamu. Shangazi Narbada aliifungua barazani, akajitazama kwa muda mrefu kwenye kila picha aliyomo. Alipofika kwenye ile, hakuichana wala hakuiruka.

"Imetoka vizuri," akasema, akafungua ukurasa mwingine. "Wamecheka vizuri. Sasa, binti yangu Chanda naye amepata mchumba. Kazi ni yako."

"Nashukuru, Shangazi."

"Ila safari hii uje na ile fupi peke yake."

"Sawa."

Dhanraj alipokuwa akivaa viatu, Sugna alitokeza mlangoni mwa jikoni na kikombe cha chai. Dhanraj alikinywa pale pale, wote wawili wamesimama.

"Shemeji," Sugna akamwuliza kwa sauti ya chini, "ile fupi nayo huvuta mpaka wapi?"

"Haivuti, shemeji. Inaona tu."

"Haya," akasema Sugna. Akapokea kikombe chake, akarudi kupunguza moto.