Mkono Uliokubali

Kaka yangu aliuza bonde kwa lugha ambayo mama haielewi, halafu akaja kula kwa mama. Naanzia hapo kwa sababu wapo wanaotaka nianzie kwenye maendeleo.

Bonde lenyewe ni lile la kando ya mto, ambako mama analima maharage tangu sijazaliwa. Kaka ni mwenyekiti wa kijiji. Watu humwita Mheshimiwa, naye hajawahi kukataa. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule kwenye baraza ya duka, na kusoma nilijifundisha mwenyewe kwa magazeti ya lugha ya ofisini yaliyofungiwa sukari. Yeye huniita wakili wa barazani. Nami sijawahi kukataa.

Mkutano aliuitisha siku ya gulio, akijua fika kwamba siku hiyo nimebeba sare zangu na sipo. Wageni walikuja na mabuti mapya, wakaongea lugha ya ofisini mpaka kivuli kikahama. Kina mama walikaa kwenye nyasi, huyu ananyonyesha, yule anachambua mboga, wanangoja waambiwe. Mheshimiwa akasimama, akawatafsiria yote yale kwa pumzi moja: "Wageni wametupenda, wana mpango wa maji. Wanaokubali, mikono juu."

Mama alikuwa wa kwanza kunyoosha. Si mwanawe ndiye aliyeuliza?

Haikupita wiki wakaja vijana wa kupima, wakachomeka vigingi vyekundu katikati ya maharage. Nilimkuta mama amesimama na jembe begani, anawatazama.

"Hivi vijiti ni vya nini?"

Nikamuuliza aliyeshika nyundo. Hakunificha, kwa nini anifiche? Bonde limekodishwa, alisema, kwa miaka ambayo mama hatakuwepo kuihesabu. Maji yatavutwa hadi shamba la maua ng'ambo. Wenyeji wameridhia wenyewe. Nikamgeukia mama, nikamweleza kwa lugha yetu ya nyumbani. Sikumpunguzia neno.

"Nani kakubali?"

"Wewe, mama. Ulinyoosha mkono."

Akautazama mkono wake, ule ulioshika mpini. Hakulia. Heri angelia.

Sasa mimi nina ugonjwa mmoja, sisahau. Nakumbuka kaka akirudi shuleni viganja vimevimba, kosa lake ameomba maji darasani kwa lugha ya nyumbani. Mama aliviosha kwa maji ya vuguvugu na chumvi, mimi nikashika beseni. Nilidhani mtu aliyechapwa vile, akikua ataivunja ile fimbo. Kumbe aliiokota.

Na namkumbuka bibi, mama yake baba. Mama aliolewa kutoka nyuma ya milima, akaja na lugha yake. Siku ya kwanza tu bibi akampiga marufuku: "Ukiongea kikwenu humu ndani, tutajuaje kama hututukani?" Mama akakimeza. Akaongea chetu mpaka watu wakasahau kwamba aliwahi kuwa na kingine. Lakini jikoni, akipuliza moto, alinigawia mimi kile alichokimeza, kidogo kidogo. Kaka hakupata hata kipande. Mtoto wa kiume jikoni anatafuta nini?

Basi mchana ule ule Mheshimiwa akaja kula kama kawaida. Mkewe anafundisha mjini, na yeye hajui jiko linawashwaje. Jirani yetu, yule mjane anayefuga mbuzi, alikuwa amekaa nasi anamenya maharage. Kaka akanawa, akakaa, akasogeza sahani.

Mama hakupakua. Alikaa mbele yake, akafungua mdomo, kikatoka kikwao. Si kwa kunong'ona kama jikoni. Sebuleni, kwa sauti, chini ya picha ya baba. Akaongea mpaka chakula kikaacha kutoa mvuke.

"Anasema nini huyu mama?" kaka akaniuliza.

"Amekupenda, ana mpango. Anayekubali, mkono juu."

Jirani akaguna. Kaka akacheka, maana mwanasiasa mwenye njaa hucheka chochote. "Haya, wakili, umeshinda. Nimekubali. Tupakulieni." Akanyoosha mkono, ule wenye saa.

Mama akamgeukia jirani, sasa kwa lugha yetu sote. "Umeuona?"

"Nimeuona, shoga. Tena unang'aa."

"Basi mwanangu, umekubali ile nyumba yako ya bati iwe zizi la mbuzi wa huyu. Kuanzia leo. Wewe nenda kwa mkeo."

"Mama, utani mwingine bwana. Sikuelewa hata neno moja."

"Na mimi?"

"Huwezi kumfunga mtu kwa maneno asiyoyaelewa!"

Tulimwacha ayasikie maneno yake mwenyewe. Uso ukamshuka, kisha ukapanda na hasira. "Nyinyi hamjui mambo ya ofisi. Nimeshatia saini. Wale watu nitawaambia nini?"

"Hayo hayo uliyosema sasa hivi," nikamjibu. "Lugha yao si unaijua?"

Mama akafunika sufuria. "Itisha mkutano. Kwa lugha ya nyumba hii. Ndipo utakula."

Akaondoka akitukana kwa lugha ya ofisini, nadhani ili tusielewe. Mimi nilielewa.

Alikuwa hajafika kwake, jirani akawa ameshafika, na mbuzi wote. Akawaingiza sebuleni mwa kaka. Wanawake wenzake waliposikia wakaleta na wao. Mheshimiwa alilala kwenye kiti ofisini, mbuzi wakala mapazia, na mkutano ukaitishwa.

Safari hii nilikuwepo, nimekaa mbele kabisa. Kila alipofupisha nilikohoa, akarudi nyuma. Ilibidi alitamke kila neno kwa lugha aliyolelewa nayo: kukodisha, mto, ng'ambo, maharage ya mama yake. Akauliza wanaokubali. Kina mama walikuwa wameikalia mikono yao.

Wageni nao walikuwepo, wakamuuliza kuna nini. Akawaambia, bila kupunguza, maana nilikuwa nasikia.

Waliondoka wamenuna, wakasema watarudi na wanasheria. Waje. Vigingi vyao tumevitunza jikoni kwa mama, vinakauka vizuri.

Mama siku hizi anaongea kikwao popote, hata sokoni. Kaka bado anakuja kula. Mama akisema neno, kaka hunigeukia, "Anasemaje?"

Namwambia anyooshe mkono kwanza.