Mkono wa Baba Ndete

Kasiva alimwambia mumewe Kivuva mara tatu, na mara ya tatu alimwambia polepole kama anayemfundisha mtoto kuhesabu: "Baba Ndete, kila asubuhi chota udongo, ufinye. Ukishikana bila kutoa maji, uache hivyo. Ukimeng'enyeka, nyunyizia. Ukitoa maji, anika kidogo." Basi. Jamani, kuna ugumu gani hapo?

Ndani ya beseni la udongo huo, kwenye veranda yao pale Kayole, mlikuwa na mayai sitini ya konokono. Konokono walioyataga walikuwa wameshauawa kwa chumvi ya jirani Selpher, aliyedhani ni wadudu wamevamia ngazi. Mayai hayo yakiharibika, mradi wa Kasiva wa kufuga konokono wa kuuza umekwisha. Na ndipo msiba ukamwita aende Mwingi kwa siku nne.

Aliporudi alikuta beseni limewekwa juani na udongo umekuwa vumbi.

"Ulikuwa unatoa maji!" Kivuva akajitetea. "Kila nikifinya, maji. Nikaanika. Nikafinya tena, maji! Nikaanika mpaka jana, ndipo yakaisha."

"Haiwezekani."

Kasiva akachota udongo kwenye mkebe alimopanda dania, akaufinya. Ukashikana vizuri, hata tone halikutoka. Akampa mumewe donge lile lile. Kivuva akalifinya, na maji yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

Ala! Mtu amekata matairi ya kutengenezea viatu vya akala kule Kariokor miaka ishirini, halafu unampa udongo akupimie kwa kiganja! Kasiva hakujua amkasirikie yeye au ajikasirikie mwenyewe, kwa hiyo akamkasirikia yeye.

"Na hukushangaa?"

"Nilishangaa. Nikasema, kumbe konokono wanapenda maji hivi."

Kasiva akasonya. Akanyunyizia udongo, akaufunika kwa gunia bichi, akapiga marufuku mtu yeyote kufinya chochote humo. Wiki mbili alikagua asubuhi na jioni, roho juu.

Siku ya kumi na sita Kivuva akamwita kwa shangwe. Kweli, kalikuwepo kakonokono kadogo kama ndengu, kanakula ganda la yai lake. Kasiva akapasua mayai mengine moja moja kwa ukucha. Yote yalikuwa yamesinyaa, makavu ndani.

"Tushukuru, Mama Ndete," Kivuva akasema. "Angalau tumepata mmoja."

"Mmoja atazaa na nani, Baba Ndete? Na wewe?"